Sura ya Sita: Maji Yaliyojificha

Nyuma ya nyumba nyingi za Minnesota, kaskazini mwa Marekani, utakuta boti ya alumini imefudikizwa juu ya magogo mawili. Majani yameizunguka, rangi imebanduka, mwenyewe ama amezeeka ama ameshafariki, na wanawe hawajui kama waiuze au waipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ina urefu wa futi 14 hivi, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko bei ya mashine itakayofungwa nyuma yake. Jimbo hilo lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa kuanzia ekari 10, na boti za aina hii ndizo zilizomwezesha fundi bomba, mwalimu na dereva wa lori kwenda kuvua katika maji yale yale wanayovua matajiri. Kwangu mimi niliyekulia Tanga, ambako chombo ni mbao na ufundi wake ni kalafati, ilinichukua muda kuiheshimu boti ya bati. Sasa naiheshimu sana, na sura hii nimeiandika ili anayetaka kuifufua moja nyumbani kwake ajue aanzie wapi.

Asili yake ni kiwanda cha ndege. Mwaka 1944 William Hoffman, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Grumman iliyokuwa ikiunda ndege za kivita za Hellcat, alikwenda kuvua katika milima ya Adirondack, jimbo la New York. Mtumbwi wake ulikuwa wa mbao zilizovikwa turubai, na kuubeba begani kutoka ziwa hadi ziwa kulimchosha. Akajiuliza kwa nini usiundwe kwa alumini ile ile ya ndege. Mwaka uliofuata vita viliisha, oda za ndege zikakatika, na Grumman ikaanza kuuza mitumbwi ya alumini. Minnesota nako hawakuchelewa: Alumacraft na Crestliner zilianza mwaka 1946, na mwaka 1948 Howard Lund akaanza kuunda boti zake katika mji mdogo wa New York Mills. Ufundi ulikuwa wa ndege: bati jembamba linakunjwa, kingo zinapandishwa moja juu ya nyingine, kisha zinashonwa kwa safu ndefu za ribiti. Unene wa bati hilo ni milimita moja na nusu tu, pengine pungufu. Ukiwa na kumbukumbu ya jahazi lenye mbao za inchi nzima, unaweza kudhani ni kitu cha mchezo. Lakini boti hizo za miaka ya 1950 na 1960 bado ziko majini.

Nimezikagua nyingi, kabla na baada ya kununua yangu, na jambo moja limejirudia mpaka nikaliamini. Bati lenyewe huwa zima. Kilichooza ni vitu ambavyo bati limefungwa navyo: ubao wa tezini (nyuma ya boti), skrubu za chuma, povu lililojazwa chini ya viti, zulia lililobandikwa ili miguu isiteleze. Na pale ambapo bati limetoboka, ukitafuta kwa makini utakuta kimojawapo cha vitu hivyo jirani yake. Kwa hiyo kazi ya kuikarabati boti ya alumini, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya kutenganisha. Unatoa kilichonasa maji, unaondoa metali isiyopatana na alumini, kisha unarudisha vitu vichache tu, kila kimoja kikiwa na kinga kati yake na bati.

Ili tuelewane tuanze na kemia kidogo, maana bila hiyo ushauri wote unaofuata utaonekana kama masharti ya mganga.

Alumini ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi papo hapo. Utando huo ni mwembamba usioonekana kwa macho, mgumu, na hauruhusu hewa wala maji kulifikia bati lililo chini yake. Ukiukwaruza, unaota upya wenyewe. Chuma hakina bahati hiyo, kwa sababu kutu yake hubanduka na kuacha chuma kipya kiliwe tena. Ndiyo sababu boti ya alumini isiyo na tone la rangi inaweza kukaa kwenye maji baridi ya ziwa kwa miongo mingi bila madhara. Sharti ni moja, nalo ni kwamba ili utando ujijenge upya panahitajika oksijeni. Ukilikandamizia bati zulia lililolowa au ubao wenye unyevu, maji yaliyonaswa pale katikati huishiwa oksijeni, utando ukipasuka haurudi, na alumini huanza kuliwa vishimo. Dalili yake ni unga mweupe, laini, unaojikusanya kama uyoga kwenye kona. Ukiuona unga huo, ufute na uchokonoe kwa ncha ya bisibisi. Mara nyingine chini yake pana kishimo kisicho na hatari. Mara nyingine bisibisi inatokeza upande wa pili.

Adui wa pili ni umeme. Metali mbili za aina tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi au uchafu wowote unaopitisha umeme, zinageuka betri, na ile iliyo dhaifu zaidi ndiyo huliwa. Katika karibu kila ndoa ya namna hii, alumini ndiyo dhaifu. Shaba ni mbaya kuliko zote zinazopatikana kwa urahisi. Sarafu ya shaba iliyoanguka na kusahaulika ngamani (chini kabisa ndani ya boti), penye maji ya chumvi, inaweza kulila bati chini yake. Chuma cha pua nacho ni adui, ila ukubwa wa eneo unaleta tofauti: boliti ndogo ya chuma cha pua kwenye bati kubwa la alumini inavumilika, kwa kuwa umeme mchache unagawanywa kwenye eneo kubwa. Geuza mambo, uweke ribiti ndogo ya alumini kwenye sahani kubwa ya shaba au ya chuma cha pua, na ribiti hiyo haitadumu. Zebaki ndiyo iliyo hatari kupita zote, maana huuvunja kabisa ule utando na kuliacha bati liliwe bila kizuizi. Kwa sababu hiyo hiyo hairuhusiwi kupakiwa ovyo katika ndege. Boti nyingi za zamani zilikuwa na swichi ya pampu ya ngama yenye zebaki ndani yake. Ukiikuta, itoe nzima nzima bila kuivunja, na uipeleke panapopokelewa taka za sumu.

Sasa boti yenyewe. Kabla hujatoa pesa, nenda tezini. Shika sehemu ya juu ya ubao unaobebeshwa mashine, uuvute na kuusukuma kwa nguvu. Ubao ukicheza, umeoza. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka juu hadi chini, usikilize: mbao nzima hujibu kwa sauti kavu, iliyooza hujibu kwa sauti ya mto wa pamba. Kisha tazama boti kwa mbali, ukiwa nyuma yake, uone kama mkuku umenyooka. Bonde dogo la bati lililogonga jiwe halina neno, linafuliwa likarudi. Ufa kwenye taruma (ubavu wa boti), au ufa unaoanzia kwenye tundu la ribiti na kuelekea kwingine, ni habari nyingine. Huo unamaanisha bati limechoka kwa kupindwapindwa na mawimbi, na fundi wa kulehemu alumini atahitajika. Kazi hiyo si rahisi: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando wake wa oksidi unahitaji zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo fundi asiye mzoefu huliyeyusha bati kabla utando haujakubali kuachia. Tena joto hulegeza ugumu ambao bati lilipewa kiwandani. Mimi boti yenye nyufa nyingi siinunui, hata ikiwa ya bure.

Uliza pia karatasi. Boti zilizoundwa Marekani tangu tarehe 1 Novemba 1972 zina namba ya utambulisho ya herufi na tarakimu 12, juu upande wa kulia wa tezi. Za kabla ya hapo zina namba ya kiwanda tu, na usajili wake hutegemea sheria za jimbo. Maliza jambo hilo na muuzaji akiwa bado mbele yako.

Ubao wa tezini ndio moyo wa kazi, na hapo sitakwenda mbio. Ubao huo ni plaiwudi nene iliyoingizwa kati ya bati la nje na bati au pembe za ndani, na juu yake hufungwa mashine. Kila mashine inapovuta, inapinda ubao huo. Kila mvua inaponyesha, maji yanaingia kupitia matundu ya boliti na kuteremka ndani ya tabaka za mbao. Viwanda havikuona haja ya kuzilinda mbao hizo sana, kwani boti iliuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida. Baada ya miaka ishirini au thelathini, unachokitoa pale ni kama majani ya chai yaliyotumika.

Utoe taratibu. Kata vichwa vya boliti zilizogoma, usizinyonge mpaka bati lipasuke. Pembe za juu mara nyingi zimeshikwa kwa ribiti, ambazo utazitoboa kwa drili kichwani tu, kisha uzisukume nje. Hata ubao ukitoka vipande vipande, vitunze vyote, uvipange sakafuni kama ulivyovitoa, na uchore mpaka wao kwenye boksi la katoni. Hicho ndicho kipimo chako. Unene kwa kawaida ni milimita 38, unaopatikana kwa kugandisha plaiwudi mbili za milimita 18 au 19 kwa gundi ya epoksi. Kimo kinategemea mashine: yenye shingo fupi inataka tezi ya inchi 15, yenye shingo ndefu inataka inchi 20. Ukikosea hapo, mashine itanyonya hewa au itaburuza kichwa chake majini.

Kuhusu mbao, watu wengi hukimbilia zile zilizotiwa dawa ya kuzuia kuoza, wakiamini wamepata dawa ya milele. Hapa nasema kwa mkazo wote nilio nao: usizitumie. Mpaka mwisho wa mwaka 2003 mbao za dawa zilizouzwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani zilikuwa na mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki. Tangu hapo dawa zilizochukua nafasi yake zina shaba nyingi zaidi. Mbao kama hizo zikilowa, shaba inatoka na kukaa juu ya alumini, na tumeshaona shaba inafanya nini. Ubao utabaki mzima, bati ndilo litakaloisha. Nimewahi kuona tezi ya boti ambayo mwenyewe aliibadilisha kwa nia njema kabisa, na bati lake limekuwa na matundu kama chujio mstari mzima uliokuwa ukigusana na mbao.

Inayofaa ni plaiwudi ya baharini isiyo na dawa. Nyingi inayouzwa Marekani hutengenezwa kwa mti wa okume, ambao asili yake ni misitu ya Gabon na majirani zake. Gabon ilipiga marufuku kuuza magogo mabichi nje tangu mwaka 2010, ili kazi ya kuyachana na kuyageuza plaiwudi ifanyike nchini. Nilifurahi nilipojua kwamba kipande kilichobeba mashine yangu kwenye maziwa ya kaskazini kimetoka Afrika ya Kati. Okume ni nyepesi na inapendeza kuifanyia kazi, lakini haina kinga yake yenyewe dhidi ya kuoza. Uhai wake wote unategemea epoksi utakayoipaka: tabaka la kwanza jepesi linalonywewa na mbao, kisha mengine mawili, na kingo zipate zaidi, maana kingo za plaiwudi hufyonza maji kwa kasi kuliko uso wake.

Tabaka hizo zote hazina maana ukitoboa tundu la boliti na kuliacha wazi. Toboa kwanza tundu pana kuliko linalotakiwa, karibu mara mbili. Lijaze epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wake, uiache igande, kisha toboa katikati yake tundu la kipimo cha boliti. Sasa boliti inapita ndani ya bomba la epoksi na haigusi mbao popote, na maji yakiingia hayana pa kunywewa. Ni kazi ya kuchosha, na haionekani ikishakwisha. Lakini ndiyo inayotofautisha ubao wa miaka mitano na ubao wa miaka thelathini. Boliti ziwe za chuma cha pua, zipakwe mafuta mazito ya kutenganisha metali, na chini ya kichwa cha kila moja pawe na washa ya nailoni.

Ribiti ni kazi ya watu wawili. Boti ya zamani haivuji kwa sababu bati limechakaa. Inavuja kwa sababu baadhi ya ribiti zimelegea kwa miaka ya kupigwa na mawimbi. Kuzipata ni rahisi: weka boti juu ya trela au vitegemeo vingi, uimwagie maji ndani kwa mpira, kiasi cha kufunika safu za chini za ribiti, kisha ingia chini yake na chaki. Usijaze boti. Kila lita ni kilo moja, na chombo kilichoundwa kubebwa na maji kutoka nje hakikuundwa kubeba maji yake chenyewe kikiwa hewani. Kila tone utakaloliona, lizungushie duara.

Mimi nilifanya kazi hii na mpwa wangu, kijana wa chuo aliyekuja kukaa nasi likizo. Yeye alilala chini akiwa ameshika pande la chuma kizito kilicholainishwa uso, akiliegemeza kwenye kichwa cha ribiti kwa nje. Mimi nilikuwa ndani na nyundo, napiga mkia wa ribiti ile. Mwanzoni hatukuelewana, kwa sababu kelele ni nyingi na aliye chini haoni kinachofanyika juu.

"Mjomba, umeshapiga au bado?"

"Bado. Wewe egemeza tu, usisukume."

"Nikisukuma kuna ubaya?"

"Unalibonyeza bati ndani. Uzito wa hilo pande ndio unaofanya kazi, wewe lishike lisikimbie."

Baadaye tukapata mwendo: mapigo mawili mepesi ya kujulishana, kisha mapigo machache mazito, kisha kimya ahame. Pande la chuma linairudisha nguvu ya nyundo, na mkia wa ribiti unatanuka kulibana bati. Ribiti nyingi zilizolegea hukaza tena kwa njia hii bila kubadilishwa. Zilizokatika au zilizolika hutolewa, na mahali pake huwekwa mpya ya alumini isiyo na uwazi katikati. Kanuni ya mafundi wa ndege inafaa hapa pia: mkia unaojitokeza kabla ya kupigwa uwe mara moja na nusu ya kipenyo cha ribiti, na ukishapigwa uwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo na kimo cha nusu ya kipenyo. Ukipiga kidogo, haijakaza. Ukipiga sana, inakuwa bapa na kupasuka ukingo. Kila ribiti mpya ichovye kwanza kwenye gundi ya kuzibia ya baharini.

Zipo ribiti za kuvuta kwa koleo, zinazowekwa na mtu mmoja kutoka upande mmoja. Za kawaida, zenye tundu katikati, hazifai kabisa chini ya mstari wa maji kwa sababu maji yanapita katikati yake, na kipande cha chuma kinachobaki ndani kinashika kutu. Pasipofikika kwa nyundo, tumia zile zilizozibwa ncha, za alumini tupu. Ukishamaliza na boti kukauka, mishono yote ya ndani ipake epoksi laini inayonepa pamoja na bati.

Chini ya viti kuna povu. Wengi hulitoa, wakaona limelowa na kunuka, wakalitupa, na hawakurudisha kitu. Hili linanihuzunisha kuliko kosa jingine lolote, kwani povu hilo liko pale kwa ajili ya siku boti itakapojaa maji. Piga hesabu uone. Bati la kilo 100 linachukua nafasi ya lita 37 tu za maji, kwa kuwa kila lita ya alumini ina kilo 2.7. Likizama, maji yanalibeba kwa kilo 37 na zinabaki kilo 63 zinazolivuta chini, mbali na mashine, betri na tangi la mafuta. Lita moja ya povu zuri inabeba karibu kilo nzima. Kwa hiyo lita 65 za povu zinalizuia bati tupu lisiende chini, na nyingine zinahitajika kwa mashine na kwa watu watakaoning'inia ukingoni. Sheria za Marekani za tangu miaka ya 1970 huzitaka boti ndogo za mashine zikijaa maji zielee zikiwa zimelala sawa, zisisimame wima huku omo ikichungulia. Ndiyo sababu povu hugawanywa pembeni na karibu na tezi, palipo uzito.

Povu la zamani lililonywa maji huongeza kilo nyingi ndani ya boti bila mwenyewe kujua. Kata kipande ukikamue. Likitoa maji, toa lote, kwa kuwa hilo ndilo linaloshikilia unyevu dhidi ya bati usiku na mchana. Rudisha povu lenye vinyweleo vilivyofungwa, kwa ujazo usiopungua wa mwanzo. Usitumie lile la kopo linalouzwa kwa kuzibia madirisha, maana linakunywa maji. Mabamba ya polistaireni yanafaa mahali ambapo petroli haiwezi kufika, kwani petroli huyayeyusha. Na povu lisibanwe chini kabisa: liinue kwa vijiti vya plastiki ili maji ya ngama yapite chini yake hadi kwenye kizibo cha kutolea maji.

Rangi nitaipitia haraka. Sehemu iliyo chini ya maji, kwa boti ya ziwani inayotolewa kila jioni, haihitaji rangi. Juu ya hapo ni hiari yako. Usiondoe rangi kuukuu kwa magadi makali ya kuzibulia mabomba, kwa maana yanaiyeyusha alumini yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Usisugue kwa brashi ya waya wa chuma cha kawaida, kwani chembe zake hubaki kwenye bati na kuota kutu. Rangi ya zamani huenda ina risasi, na ile praima ya kijani au ya manjano iliyo chini yake huenda ni zinki kromati, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Piga msasa wa maji, vaa kinyago cha kweli, na watoto wawe mbali. Bati likishakuwa safi, limwagie maji: yakitandaa kama utando mmoja, uko tayari, yakijikusanya matone matone, bado pana mafuta. Kisha paka praima ya asidi inayofaa alumini siku hiyo hiyo, kabla oksidi haijanenepa. Rangi za kuzuia viumbe vya baharini zenye shaba ndani yake usiziguse.

Kuhusu sakafu, nina msimamo ambao hauwafurahishi vijana. Mtindo wa siku hizi ni kuijaza boti ndogo jukwaa la plaiwudi kutoka kiti hadi kiti, kulifunika zulia, na kuweka kiti kirefu cha kuzunguka juu yake. Inapendeza kwenye picha. Lakini imeupandisha uzito wa mvuvi juu ya chombo chembamba, imeongeza kilo ambazo mtengenezaji hakuzihesabu, na imelificha bati lote chini ya kitu kinachonyonya maji. Bamba la uwezo lililobandikwa ndani ya boti, lenye idadi ya watu, kilo na nguvu ya mashine, halibadiliki kwa sababu umejenga jukwaa. Ubao wa kukanyagia unaoweza kunyanyuliwa kwa mkono, uliopakwa epoksi na kukaa juu ya mataruma kwa vipande vya mpira, unatosha. Ukirudi nyumbani unautoa, unausimamisha ukutani, na bati linapata hewa.

Trela nayo isisahaulike. Mbao zinazobeba boti huwa mara nyingi ni za dawa, zimevikwa zulia, na kila jioni boti hupandishwa juu yake ikiwa inachuruzika. Hapo una shaba, unyevu na giza kwa pamoja, na bati limelala juu yake msimu mzima. Zibadilishe kwa mbao za kawaida zilizopakwa epoksi, au uzivike vipande vya plastiki ngumu vinavyoteleza.

Siku ya kuijaribu, iteremshe penye kina cha magoti, bila mashine, ukae ndani na taulo kavu. Futa ngama, subiri, pitisha kidole kwenye kila mshono. Kisha funga mashine, uiendeshe taratibu ufukweni, urudi ufute tena, maana baadhi ya ribiti hufunguka pale tu bati linapopigwa na wimbi. Unyevunyevu kwenye mshono mmoja hauna haja ya kukutia hofu. Mkondo unaotembea unahitaji chaki na mpwa tena. Baada ya safari za mwanzo, shika spana ukaze upya nati za tezini moja moja, kwa kuwa plaiwudi mpya hubonyea kidogo chini ya washa kabla haijatulia.